Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: jibu la "chanya" lisigeuzwe hukumu

Mheshimiwa Waziri,

Nafanya kazi maabara, na majibu hupita mikononi mwangu kabla ya kumfikia mgonjwa. Nakuandikia kuhusu vipimo viwili vya damu, ASCA na pANCA, tunavyoletewa maombi yake kwa watu walioharisha muda mrefu.

ASCA ni kingamwili (protini ya kinga ya mwili) dhidi ya hamira, ileile inayoumua mkate. Hupatikana zaidi kwa wenye ugonjwa wa Crohn, unaovimbisha utumbo kwa muda mrefu. pANCA, kingamwili dhidi ya chembe nyeupe za damu za mwili wenyewe, huelekea kwenye kolaitisi ya vidonda, yaani utumbo mpana kuvimba na kuwa na vidonda. Lakini kati ya wagonjwa 100 wa Crohn, wenye ASCA ni kama 50 hadi 60 tu. Waliobaki huandikiwa hasi, na utumbo wao unaendelea kuvimba.

Kinachonitisha zaidi ni hao wa chanya. Kifua kikuu cha utumbo nacho huweza kutoa ASCA chanya, na dalili zake ni zilezile: kuharisha, homa, kukonda, maumivu ya tumbo chini upande wa kulia. Mgonjwa huyo akianzishiwa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, kwa kuiamini karatasi, kinga inashuka na bakteria wanapata uwanja. Ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhurika kwa gluteni ya ngano) pia huweza kuleta jibu hilohilo. Nasi kwenye fomu tunapiga CHANYA kwa herufi kubwa, basi. Hakuna hata mstari mmoja wa maelezo.

Sivikatai vipimo hivi. Daktari akishaona vidonda kwa kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana), kinyama kilichokatwa utumboni kikapimwa, na bado akawa njia panda kati ya Crohn na kolaitisi, ASCA chanya yenye pANCA hasi inamwelekeza kwenye Crohn. Hapo ndipo mahali pake. Kwa kuchuja nani apelekwe kolonoskopi, kalprotektini ya kinyesi, protini inayopanda utumbo ukivimba, inafaa zaidi (najua, kikopo hicho hakuna anayependa kukibeba). Nayo hupanda kwa maambukizi, ila angalau inaonyesha kama utumbo umevimba sasa hivi.

Naomba mwongozo wa wizara utamke wazi kwamba ASCA na pANCA peke yake havithibitishi ugonjwa wala haviukanushi, na fomu iseme hivyo chini ya jibu lenyewe. Fedha zikiwa chache, zianzie kwenye kalprotektini na kwa wataalamu wa kusoma vinyama. Mashine ya kingamwili inaweza kusubiri.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara