Asante kaka wa pale Mwenge

Kaka uliyenisaidia juzi pale Mwenge mpaka chai yako ikapoa, hata jina sikukuuliza, asante sana aisee. Siku tatu nahangaika na NFS, ile njia ya kompyuta kutumia mafaili ya seva kupitia netiweki, kompyuta za ofisi zinaona mafaili ya kwenye seva vizuri tu ila ukitaka kusevu inagoma, na bosi anasubiri kazi za wateja. Wewe ukaniuliza tu, hebu nionyeshe /etc/exports, lile faili la seva linalosema nani anaruhusiwa nini, kumbe niliweka nafasi kati ya anwani ya IP na mabano ya rw (ruhusa ya kusoma na kuandika), yaani kanafasi kamoja tu, na hapo maana inageuka kabisa, kompyuta yangu inabaki kusoma tu halafu ruhusa ya kuandika wanapewa wengine wote! Hilo ndo liliniogopesha zaidi, maana mle kuna nyaraka za watu. Tukafuta hiyo nafasi, tukaandika amri ya exportfs -ra ili seva isome upya hizo ruhusa, ikakubali palepale. Na lile neno _netdev uliloniwekea kwenye fstab, faili linaloiambia kompyuta iunganishe nini ikiwaka, jana umeme ulikatika, uliporudi kompyuta zikasubiri netiweki kwanza halafu zikamaunti zenyewe, yaani zikajiunganisha na mafaili ya seva. Mungu akubariki sana kaka, ukipita tena Mwenge chai ni juu yangu.