Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mitambo ya Gesi Baada ya Bwawa la Nyerere

Ndugu wanachama,

Mahesabu ya chama atayasoma Mweka Hazina. Mimi nitabaki kwenye kazi yetu ya mitambo ya gesi inayofua umeme, maana imebadilika sura.

Tangu gesi ya Songo Songo ilipoanza kufika Ubungo mwaka 2004, vituo vya gesi vilizoea kubeba mzigo usiku na mchana, hasa miaka ya ukame kina cha bwawa la Mtera kiliposhuka. Sasa Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina mashine tisa za MW 235 kila moja. Mvua zikiwa nzuri, maji ndiyo yanayobeba mzigo. Gesi huitwa jioni, au mashine mojawapo ya Rufiji inapochomoka ghafla, yaani kujitoa kwenye gridi, na frikwensi ya umeme ikaporomoka chini ya hetsi 50. Wapo wanaosema kazi yetu imekwisha. Haijaisha, imekuwa ngumu zaidi: turbaini ya gesi huchakaa upesi inapowashwa na kuzimwa kila mara kuliko inapokwenda mfululizo.

Na mitambo haifanani. Injini 12 za kituo cha Ubungo I, jumla MW 102, huwashwa moja moja kadiri mzigo unavyopanda. Turbaini za kituo cha Kinyerezi I zina asili ya injini za ndege, na huingia kwenye gridi ndani ya dakika kumi hivi. Kinyerezi II ni habari nyingine. Moshi wake wenye nyuzi 500 na zaidi huchemsha maji, na mvuke huzungusha turbaini ya pili. Bila mvuke, kwa ufanisi wa asilimia 35, kufua MW 100 kunakula takriban futi za ujazo milioni 23 za gesi kwa siku. Kwa asilimia 50, milioni 16. Lakini turbaini ya mvuke iliyopoa inataka saa kadhaa za kupashwa moto. Ukiiharakisha, rota, yaani mhimili wake unaozunguka, inapinda na mabomba ya boila yanapasuka kwenye maungio. Kwa maoni yangu Kinyerezi II iachwe iende kwa utulivu hata kwa mashine chache, na kupanda na kushuka kwa mzigo kufuatwe na wengine.

Hatari kubwa ya kuwasha mara kwa mara iko kwenye gesi yenyewe. Kila bar 20 zinazopunguzwa kwenye vali, gesi inapoa nyuzi 10 hivi, na vimiminika vilivyomo vinajitenga. Mtambo ukiwa umelala, hita ya kupasha gesi ni baridi na matone yametuama kwenye chujio. Yakifika kwenye chumba cha uchomaji huwaka pasipotakiwa, na mapanga ya safu ya kwanza ya turbaini ndiyo yanayoungua. Kwa hiyo: hita kwanza; kisha toa vimiminika vya chujio kwenye tangi lake lililofungwa; halafu subiri gesi ifike walau nyuzi 28 juu ya joto lake la umande, yaani joto ambalo matone huanza kujitenga.

Jambo jingine ni joto la Dar. Megawati zilizoandikwa kwenye kibao cha mashine hupimwa kwa hewa ya nyuzi 15. Kwenye nyuzi 32 turbaini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi, na anayepanga ratiba ya jioni kwa kibao anajidanganya.

Naomba mkutano upitishe kwamba kila kituo kiandike kando idadi ya kuwasha mashine ikiwa baridi, vuguvugu na moto, pamoja na kila kuchomoka kwa mzigo kamili. Kuchomoka kumoja namna hiyo huila mashine sawa na kuwashwa mara kadhaa, na kwenye daftari la saa za kazi pekee hakuonekani. Fomu anazo Katibu.