Mazishi ni leo baada ya Alasiri

Assalaam alaykum wandugu na dada zangu. Mama yetu tunamzika leo hapa Goma, inshallah.

Vijana, mje na mitarimbo na nyundo. Makaburini ni mawe ya volkano, jembe linaruka tu. Mwanandani (shimo la ubavuni mwa kaburi) ukishindikana tutachimba mfereji katikati ya kaburi; sheria inaruhusu.

Wamama waoshaji: sanda vipande 5, kafuri kwenye maji ya mwisho.

Na chakula tupeleke sisi, tafadhali. Msiba uliopita nilimwona mjane akikopa mchele atulishe. Iliniuma sana. Jaafar, binamu wa Mtume, alipofariki, Mtume (s.a.w.) aliagiza jamaa zake wapikiwe.

Anayemdai marehemu amwone mwanawe mkubwa kabla ya swala.