Tuhudumiane kwa zamu, si kwa rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoishi Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe na Mbeya tunaliona mara kwa mara, tunalinong'ona tukishatoka nje, kisha tunaliacha kama lilivyo. Nalo ni tabia iliyojengeka katika maduka makubwa, benki, hoteli na hata hospitali zetu ya kumpokea mtu kwa kutazama kwanza rangi ya ngozi yake, hata Mzungu akahudumiwe kabla ya waliomtangulia, mwananchi mweusi akapekuliwe na kuhojiwa, na Mtanzania mwenye asili ya Asia akahesabiwe kuwa mgeni katika mji aliozaliwa yeye na baba yake. Nimefundisha Historia na Uraia katika shule za mkoa huu mpaka nikastaafu, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hatuna wa kumsingizia: tunatendeana haya sisi kwa sisi, katika nchi yetu wenyewe.

Nitaeleza nilichokishuhudia mjini Iringa, katika duka moja la kujihudumia ambalo sitalitaja, kwa sababu maduka ya namna hiyo ni mengi na sina nia ya kulichafulia jina moja. Mlangoni palikuwa na mlinzi pamoja na meza ya kuachia mizigo. Mteja anakabidhi mkoba wake, anapewa kibao chenye namba, kisha anaingia kununua. Utaratibu huo sina ugomvi nao, maana wizi wa madukani upo na mwenye duka ana haki ya kulinda mali yake. Mama mmoja wa makamo, aliyejitanda kitenge na kushika mfuko mdogo wa nguo, alisimamishwa na kuamriwa auache, na alipoomba aingie nao kwa kuwa ulikuwa na dawa alizotoka kuzichukua hospitali, mlinzi alimjibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa keshia: "Mama, utaratibu ni kwa wote, acha mfuko hapo." Kabla mama yule hajamaliza kuchomoa pochi yake kutoka katika mfuko, waliingia vijana watatu wa Kizungu, kila mmoja na begi kubwa mgongoni. Mlinzi aliwasalimia kwa Kiingereza, akasogea pembeni na kuwashikia mlango. Hakuna begi lililoguswa, wala meza haikutajwa. Mama aliyatazama mabegi yale, akamtazama mlinzi, akapokea kibao chake na kuingia bila kusema neno. Nilipomuuliza mlinzi, kwa upole kabisa, imekuwaje utaratibu wa wote usiwahusu wale vijana, alinijibu, "Mzee, hao ni wageni."

Jibu hilo nimelisikia mahali pengi kwa maneno tofauti, na ndilo linalohitaji kujibiwa, kwa kuwa linavalishwa vazi la ukarimu. Sisi watu wa nyanda hizi tunajua ukarimu. Tumelelewa tukijua kwamba mgeni akifika hupewa kiti, maji na chakula hata kama cha watoto kitapungua. Lakini ukarimu ni kutoa kilicho chako. Mzee aliyesimama mbele katika foleni akiamua kwa hiari yake kumpisha mgeni, huyo amekirimu. Karani anayemwita Mzungu kutoka nyuma ya foleni hajatoa chochote cha kwake. Amechukua zamu ya bibi aliyetoka Pawaga au Ismani alfajiri kwa basi, akampa mtu mwingine bila kumuuliza mwenyewe. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila kwa namna hii mwenyeji haponi, anasukumwa kando.

Tena hoja ya ugeni haisimami yenyewe. Kama ingekuwa kweli tunawapa wageni kipaumbele kwa sababu ni wageni, basi Mmalawi aliyevuka Kasumulu na kuja kununua bidhaa Mwanjelwa angeitwa mbele, na dereva wa lori kutoka Zambia au Kongo aliyeingilia Tunduma angeshikiwa mlango na kusalimiwa kwa tabasamu. Hao nao ni wageni, nao wanaacha fedha zao hapa, lakini hupanga foleni kama sisi na mikoba yao hukaguliwa kama yetu. Kwa upande mwingine, wapo Wazungu walioishi Iringa na Mufindi kwa miaka mingi, wanaosema Kiswahili safi na pengine Kihehe kidogo, ambao si wageni tena, na bado huitwa mbele. Baadhi yao hukataa na kubaki mahali pao, na nawaheshimu kwa hilo. Kinachotazamwa pale mlangoni ni ngozi, na afadhali tulikiri hivyo kuliko kuendelea kuusingizia ukarimu.

Katika hoteli na nyumba za kulala wageni mambo ni hayo hayo. Familia ya Kitanzania inayofika na gari lake, ikiwa njiani kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, husimamishwa getini na kuulizwa, "Mnakwenda kwa nani?", kana kwamba mtu mweusi hawezi kufika pale kulala kwa fedha zake mwenyewe, wakati gari lililobeba Wazungu hufunguliwa geti kabla halijasimama. Mimi mwenyewe nimewahi kutakiwa kulipa kabla hata sijaonyeshwa chumba, na aliyekuwa mbele yangu, Mzungu, akakabidhiwa ufunguo na kuambiwa atalipa akiondoka. Hapa nisieleweke vibaya. Ada za hifadhi zinazotofautiana kati ya raia na asiye raia zimewekwa kwa utaratibu unaojulikana, na kigezo chake ni uraia na ukaazi. Ninachokilalamikia ni mtu kuamua kwa jicho tu nani ni raia, nani ana fedha na nani ni mwizi.

Jicho hilo hilo huwaumiza wengine pia. Zipo familia zenye asili ya Kihindi ambazo maduka yao yamekuwapo Iringa tangu enzi za ukoloni, watoto wao wamezaliwa na kusoma hapa, na bado mtu mzima hawezi kupita ofisini bila kuulizwa "kwao" ni wapi. Wachina wanaofanya kazi za barabara hupigiwa kelele za dhihaka na vijana wa stendi, watu wazima wakicheka. Mzungu anayepanda bajaji hutozwa nauli mara mbili au tatu ya yetu. Haya nayo ni makosa, na anayeyatenda hawezi kulalamika kwa dhamiri safi pale zamu yake inapochukuliwa.

Kwa vijana ambao hawakuyaona, nikumbushe tulikotoka, kwa sababu alama zake tunapita karibu nazo kila siku. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilianza kama shule ya St Michael's and St George's, iliyojengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mtoto wa Kihehe aliyekuwa akikaa umbali wa kutembea kwa miguu hakuwa na nafasi pale, kwa maana elimu ya Tanganyika wakati huo iligawanywa kwa rangi, Wazungu kwao, Waasia kwao na Waafrika kwao. Katika Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1955, Wazungu wapatao 20,000 walipewa viti 10 upande wa wawakilishi, sawa kabisa na vile walivyopewa Waafrika waliozidi milioni 8, na Waasia nao 10. Ulipofika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpigakura alitakiwa apige kura tatu, moja kwa kila rangi. Na ukienda Kalenga utalikuta katika kabati la kioo fuvu la Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954 kutoka Ujerumani, ambako mafuvu ya watu wetu yalikusanywa na kupimwa katika zama ambazo wasomi wa Ulaya waliamini kwamba ubora wa mtu unasomeka katika umbo la kichwa chake.

Nchi yetu iliukataa mfumo huo mapema na kwa gharama ya kisiasa. Mwezi Oktoba 1961, kabla hata ya Uhuru, baadhi ya wabunge walipotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao, Mwalimu Nyerere alisimama imara kwamba uraia hautajengwa juu ya rangi. Mwanzoni mwa 1962 shule za rangi zilifutwa. Mwezi Januari 1964 alitangaza kwamba raia wote watendewe sawa katika ajira za serikali bila kujali asili zao, ingawa wengi walikuwa bado wanadai Waafrika watangulizwe. Ahadi ya kwanza ya mwana TANU ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu zake na Afrika ni moja. Sisi tuliokariri maneno hayo tukiwa watoto hatukufikiri kwamba tungezeeka tukimwona Mtanzania akimwambia Mtanzania mwenzake arudi nyuma kwa sababu Mzungu ameingia.

Sheria nazo zipo. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inaeleza maana ya kubagua, na imeitaja rangi kwa jina lake, pamoja na utaifa, kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia na hali ya maisha. Inazungumzia hali ambapo watu wa aina fulani wanawekewa vikwazo huku wengine wakipewa nafasi au faida, na sijui maelezo gani yangeifaa zaidi ile meza ya kuachia mizigo. Tatizo ni kwamba katazo la ibara ndogo ya 4 linawagusa hasa wale wanaotekeleza madaraka chini ya sheria au shughuli za Mamlaka ya Nchi. Kwa hiyo muuguzi wa hospitali ya serikali na karani wa halmashauri hawana pa kujificha. Mwajiri naye amekatazwa na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kumbagua mfanyakazi kwa rangi au utaifa wake. Lakini mama aliyesimamishwa mlangoni mwa duka la mtu binafsi hana pa kukimbilia kwa urahisi.

Jambo jingine, ambalo mimi kama mwalimu siwezi kulipita, ni kile ambacho watoto wanajifunza wanapotutazama. Nimekuwapo shuleni siku ambayo kijana wa kigeni, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza sekondari kwao na kuja kujitolea, alipewa kiti cha mbele ofisini na kuombwa awashauri walimu namna ya kufundisha, mbele ya walimu wenye vyeti na uzoefu kuliko umri wake. Kijana yule hakuomba heshima hiyo, na nilimwona akihangaika aseme nini. Wanafunzi walikuwa dirishani wakitazama walimu wao wamesimama. Hakuna kipindi cha Uraia ambacho ningeweza kufundisha alasiri ile kikafuta walichokiona.

Sitaki lawama zote ziwaangukie walinzi na makarani. Kijana anayelinda mlango kwa mshahara mdogo anajua kwamba Mzungu mmoja akilalamika kwa meneja, kesho hana kazi, na hajawahi kuona mwenzake akifukuzwa kwa sababu mama mwenye kitenge amelalamika. Wenye kubadilisha hesabu hiyo ni mameneja na wamiliki. Waandike utaratibu mmoja na kuubandika mlangoni: ama mabegi yote yaachwe, ama yote yaingie. Benki zilizofunga mashine ya kutoa namba zimeonyesha kwamba inawezekana, kwa kuwa pale namba inapoitwa kwenye spika hakuna karani anayeweza kumchomoa mtu kutoka nyuma. Shida imebaki katika ofisi ambazo watu bado wanasogea kwenye benchi na mlango wa pembeni unafunguliwa kwa kukonyezana. Wanaostahili kutangulizwa tunawajua: mzee, mjamzito, mtu mwenye ulemavu, mgonjwa mahututi. Hao watangulizwe wawe wa rangi yoyote.

Na sisi tulio katika foleni tuseme. Haihitaji matusi wala kelele. Yatosha kusema, "Samahani dada, mimi nilitangulia," na wa nyuma wamuunge mkono aliyesema badala ya kuinamia simu zao. Yule aliyeonewa katika ofisi ya umma anaweza kupeleka malalamiko kwa mkuu wa ofisi hiyo, na asiposikilizwa, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwa madiwani wa Manispaa ya Iringa na wa Jiji la Mbeya. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inawapa uwezo wa kutunga sheria ndogo, na tumeona wakiutumia kwa usafi, maegesho na ushuru. Watunge pia sheria ndogo inayomtaka kila mwenye duka, hoteli au ofisi inayohudumia umma kuwahudumia watu kwa zamu na kuwakagua wote kwa utaratibu mmoja, iwe na faini, na iwe na namba ya simu ya kupokea malalamiko iliyobandikwa mahali mteja anapoweza kuisoma. Mimi niko tayari kufika mbele ya kamati yoyote ya baraza kueleza niliyoyaona, na nawafahamu wengine watakaofuatana nami.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa.