Wanangu wa meza ya michezo, mvueni yule mtu shuka

Brooklyn Park, Minnesota
Machi 2025

Wanangu,

Nawaandikia hadharani kwa kuwa mlilolitenda mlilitenda hadharani. Lingekuwa la chumbani ningewaita chumbani.

Mnanijua. Mimi ndiye mzee anayekaa kiti cha dirishani pale kwa kinyozi mnaporekodi kipindi chenu Jumatatu jioni, na taa ya kamera inapowaka hukaa kimya nisiwaharibie. Mara nyingi hutoka pale nimefurahi. Vijana kuuchambua mpira wa miguu wa Kimarekani, ligi ya NFL, kwa Kiswahili kilichonyooka, theluji imejaa nje, si jambo dogo, na nimewasifu kwa wazazi wenu zaidi ya mara moja. Ndiyo maana hili limenichoma.

Januari, Vikings, timu yetu ya Minnesota, walipofungwa na Rams 27 kwa 9 katika mtoano, mlitoa kipindi cha karibu saa nzima. Picha ya mbele ilikuwa ya Sam Darnold, kwotabeki wao, yaani mrushaji wa pasi anayeongoza mashambulizi, mmemvika shuka jeupe lenye matundu mawili ya macho, na chini mmeandika kwa herufi kubwa: MIZIMU IMERUDI. Nikajiambia ni uchungu wa kufungwa, utapita. Sasa Darnold amehamia Seattle Seahawks kwa mkataba wa miaka mitatu unaoweza kufika dola milioni 100.5, nanyi mmeichomoa picha ileile na kuwaandikia watu wa Seattle salamu za pole. Hapo nikaona kimya changu kimekuwa ushirika.

Hebu turudi huko mlikoutoa huo mzimu, maana nina hakika wawili wenu hawakuwa wameanza hata kuutazama mchezo huu. Ilikuwa Jumatatu usiku, 21 Oktoba 2019. Darnold alikuwa na miaka 22, kwotabeki wa New York Jets, siku nane tu tangu arudi uwanjani kutoka kwenye maradhi yaliyomvimbisha wengu. Patriots walimsaga 33 kwa 0. Alirusha pasi 32, zikafika 11, nne zikanaswa na wapinzani. Usiku huo alikuwa amefungwa maiki ya televisheni. Akiwa benchini, kichwa kimemzunguka, akatamka: naona mizimu. Kwa makwotabeki hilo ni neno la kazini. Maana yake umebanwa mara nyingi mno hata unaanza kuwaona walinzi wakikujia mahali ambapo hawapo, ukaurusha mpira kabla ya wakati wake. Ni kama dereva anayemwambia fundi kwamba breki hazishiki. ESPN, kituo cha televisheni cha michezo, wakaurusha usemi huo nchi nzima, mechi ingali inachezwa. Kocha wake, Adam Gase, alilalamika waziwazi, lakini maji yalikwisha kumwagika. Aliyesema kweli kwenye benchi la timu yake ndiye aliyeadhibiwa, na waliomsikiliza kwa kipaza sauti wakavuna watazamaji.

Sisi tuliokulia Pwani ya Kenya tulilelewa pia na redio. Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka 7 Februari 2025, alitutangazia mpira tukauona kwa masikio, na tangu 1966 akawa na kipindi kilichouliza swali moja: Je, Huu ni Ungwana? Alieleza mwenendo wa mtu, akausimulia ulivyotendeka, kisha akamwachia msikilizaji lile swali aende nalo nyumbani. Habari za kifo chake ziliponifikia nilikaa jikoni chai ikapoa. Nawauliza kwa sauti yake, kwa kuwa yeye hawezi tena: kumfunga mtu maiki, ukamsikia akikiri udhaifu wake, kisha ukaufanya udhaifu huo jina lake kwa zaidi ya miaka mitano, je, huu ni ungwana?

Nina sababu yangu ya kulikazania jambo hili. Nilipokuwa na miaka 19 nilikuwa kipa wa timu ya mtaa, Kisauni. Mechi moja uwanja umelowa, dakika za mwisho, mpira wa kawaida kabisa ukanipita katikati ya miguu tukapoteza kikombe. Aliyekuwa akitangaza kwa kipaza sauti pale kando ya uwanja akaniita Mlango. Nilidaka miaka sita zaidi, na nilidaka vizuri. Katika fainali moja nilipangua penalti mbili. Hakuna aliyezikumbuka. Siku tuliyomzika baba yangu, mtu alifika zamu yake ya kunipa mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Pole sana, Mlango." Hakukusudia ubaya. Ndilo jina alilonijua nalo.

Na msidhani shuka lenu limebaki kwenye simu. Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu, ana miaka 11, kwenye mazoezi ya mpira wa kikapu. Mwenzake akapokonywa mpira mara mbili mfululizo. Mjukuu wangu akaivuta jezi yake ikafunika kichwa, akawa anamzunguka yule mtoto akilia sauti ya mzuka, na wengine wakamfuata. Yule mtoto alikwenda kukaa ukutani, akavua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi hadi mazoezi yakaisha. Nilimuuliza mjukuu wangu kwenye gari, hayo umejifunza wapi? Akanitajia kipindi chenu. Alikitaja kwa fahari, kwa sababu anawapenda.

Sasa nije kwenye mechi zenyewe, maana mtasema mzee anatetea mtu kwa huruma.

Mwaka 2024 Vikings walimchukua Darnold kwa mwaka mmoja, dola milioni 10, amshikie nafasi J.J. McCarthy, kijana waliyemchagua kuwa wa kesho. Agosti McCarthy akaumia goti, na yule mshika nafasi akaambiwa endesha. Aliendesha. Pasi za yadi 4,319, tachidauni (mabao ya kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 35, timu ikashinda mechi 14 kati ya 17. Tarehe 29 Desemba, hapa hapa Minneapolis, alirusha yadi 377 wakawafunga Packers 27 kwa 25, na wenzake wakamngojea katika chumba cha kubadilishia nguo, wakammwagia maji, wakambeba juu juu. Nilikuwa pale kwa kinyozi. Mmoja wenu alilia, na wala sikumwona vibaya. Mlimwita mwokozi usiku ule. Mechi mbili baadaye akawa mzimu.

Kule Detroit, mechi iliyofuata, Darnold alicheza vibaya, hilo nalisema bila kumung'unya. Pasi 18 kati ya 41, mipira inapaa juu ya vichwa karibu kabisa na mstari wa goli, tukafungwa 31 kwa 9. Mngelieleza hilo kwa ukali wote mlionao, nisingeandika barua. Lakini kule Glendale, Arizona, katika ule mtoano dhidi ya Rams, aliangushwa na mpira mkononi mara tisa, na hiyo inalingana na rekodi ya mtoano. Mara tisa, wanangu! Mlinzi wake wa kushoto, Christian Darrisaw, aliumia goti tarehe 24 Oktoba, tena dhidi ya Rams haohao, na hakurudi msimu wote. Katika kipindi chenu cha karibu saa nzima jina la Darrisaw halikutajwa hata mara moja. Nilikuwa nikilisubiri.

Najua kwa nini halikutajwa. Kwotabeki ana uso. Wale majitu watano walio mbele yake wanaoinama, mikono ikiwa imefungwa plasta, hawana uso unaouzika, na kueleza jinsi mmoja akikosekana wote wanavyoyumba kunahitaji dakika kumi na ubao. Vituo vikubwa vina saa za kujaza kutwa, na kubishana kama fulani amekwisha ni rahisi kuliko kuonyesha mguu wa mlinzi ulivyochelewa. Wao wana biashara yao. Nyinyi mna kipindi kimoja kwa wiki na mna ubao pale ukutani. Mnakimbilia nini?

Linaniuma zaidi likitoka kwetu. Huko Seattle Darnold anarithi kiti cha Geno Smith, naye pia alitupwa na Jets. Geno alipoteza nafasi yake mwaka 2015, akakaa akiwa mtu wa akiba timu baada ya timu, hadi 2022 ndipo akapewa msimu. Akarusha yadi 4,282, pasi zake zikafika kwa asilimia 69.8, akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa kishindo. Baada ya ushindi wa kwanza alisema waliniandika kwamba nimekwisha, mimi sikuwaandikia jibu. Na kabla yake kulikuwa na Warren Moon, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, mwaka 1978, na bado hakuna timu ya NFL iliyomchagua. Akaenda Edmonton, Kanada, akatwaa mataji matano mfululizo, ndipo timu ya NFL ya Houston ikamfungulia mlango mwaka 1984. Kwa miongo mingi nchi hii iliwaaminisha watu kwamba mtu mweusi hana kichwa cha kukaa nafasi ile, na kalamu za michezo zilishiriki. Tunajua uzito wa kuhukumiwa na mtu asiyekutazama. Darnold si mweusi, lakini kipimo kibovu hakigeuki kuwa kizuri kwa sababu leo kimeshikwa na mikono yetu.

Mengine nitayataja tu. Tazameni mechi nzima kabla ya kufungua maiki. Uvumi msiuite chanzo. Mkikosea, semeni mwanzoni mwa kipindi, msingoje mwisho watu wameshaondoka. Habari za majeruhi zina madaktari wake. Na kichwa cha habari akiandike yule aliyeitazama mechi.

Sijawakataza ukali. Mchezaji analipwa mamilioni, akivuruga aambiwe amevuruga, siku hiyo, kwa pasi hiyo. Huko Seattle huenda akapaa, huenda akaanguka, na Septemba mtakuwa na kazi ya kutueleza ni kwa nini. Nitakuwa wa kwanza kusikiliza, kwa sababu mnapoeleza, mnaeleza vizuri kuliko wengi ninaowaona kwenye skrini kubwa.

Leo asubuhi nimetazama tena, picha ya shuka ingali pale. Iondoeni kabla ya Jumatatu. Nitakuja na mjukuu wangu, na nimemwambia amlete yule mwenzake wa kikapu.

Wenu,
Mzee wa kiti cha dirishani