Barua ya wazi kwa afisa wa elimu: Nipe tarehe

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Elimu,

KUH: TATHMINI YA MWANANGU ILIYOAHIDIWA NA HAIJAFANYWA

Salamu za heshima zikufikie wewe na jamaa yako. Sitalitaja jina lako wala la ofisi yako, kwa sababu sikulelewa kumwaibisha mtu mbele ya watu, ingawa hivyo ndivyo nilivyotendewa kwenye kaunta yako Jumanne iliyopita, na ndiyo sababu nimeketi kukuandikia. Au tuseme kweli, nimeketi kusema. Anayeandika ni binti yangu wa kidato cha tatu, maana mimi nina disleksia, yaani hali ya kuzaliwa inayofanya kusoma na kuandika kuwe kugumu ingawa akili ni nzima, na barua ya urefu huu ningeiandika kwa mkono wangu ingekukuta umeshastaafu.

Mimi ni seremala mwenye umri wa miaka 41. Kazi nilijifunza Kibuye, Kisumu, na sasa nina kibanda changu kando ya barabara iendayo Kakamega, ambako natengeneza vitanda, kabati na, kama hukujua, madawati ya shule.

Jumanne nilifika ofisini kwako saa mbili na nusu asubuhi pamoja na mwanangu wa kiume, ambaye ana miaka 11 na yuko Gredi ya 5. Ilikuwa mara yetu ya nne. Karani alinipa fomu ya kurasa tatu ya kuomba mtoto apimwe shida yake ya kusoma, ileile niliyokwisha kujaza mara mbili kwa msaada wa binti yangu, kwa kuwa zile za awali, aliniambia, hazionekani. Nilimwomba kwa sauti ya chini anisomee maswali nami nimjibu kwa mdomo, akasema foleni ni ndefu. Nikajaribu mwenyewe. Viganja vilitoka jasho hadi karatasi ikalowa pembeni, na kufikia mstari wa jina la shule sikujua tena kalamu yangu iko kwenye herufi gani. Karani aliichukua ile fomu, akaisoma kwa sauti kosa kwa kosa, kisha akaniuliza, “Mzee, hii ni lugha gani?” Watu wakacheka. Mwanangu hakucheka. Alikuwa ameshika upindo wa koti langu, na nilihisi koti likivutwa taratibu kuelekea mlangoni.

Simlaumu sana yule karani, kwa kuwa huenda hakuna aliyewahi kumweleza lolote. Ninayemkumbusha ni wewe. Februari mwaka jana, katika ukumbi wa kanisa, mbele ya wazazi na machifu, ulisimama ukasema kwa kinywa chako kwamba afisa wa tathmini atafika kuwapima watoto wetu kabla ya shule kufungwa mwezi wa Aprili. Ulipigiwa makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, na mikono ya seremala unaijua. Aprili ikaja, ikaja Agosti, ikaja Aprili ya pili, na kila nilipouliza nilijibiwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Linashughulikiwa na nani, Mheshimiwa, na yuko wapi huyo mtu nimpelekee angalau chai?

Aliyegundua tatizo la mwanangu ni mwalimu kijana wa mkataba, ambaye hata mshahara wake sidhani ulikuwa wa kutosha. Alituita, akatuonyesha daftari la Kiingereza. Kulikuwa na tundu katikati ya ukurasa, mahali ambapo mtoto alikuwa ameandika neno “know”, akalifuta, akaliandika tena, akalifuta tena, mpaka kifutio kikatoboa karatasi. Mwalimu akatueleza kwamba mtoto huyu Kiswahili anakisoma, japo polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, kwa sababu Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Lakini Kiingereza, chenye herufi zinazoandikwa na zisitamkwe, kinamshinda kabisa. Tena masomo mengi kwenye gredi yake yanafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anafeli sayansi ambayo ukimuuliza kwa mdomo anaijua. Akasema si uvivu wala macho mabovu wala upungufu wa akili, ni namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha, na mara nyingi hali hii huenda katika ukoo. Akanitazama. Mke wangu naye akanitazama. Hivyo ndivyo nilivyojua, nikiwa mtu mzima mwenye watoto watatu, kwamba kile nilichochapiwa mpaka nikaacha shule darasa la saba kina jina.

Binti yangu amesoma kwenye simu kwamba mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kusoma, ambaye mwalimu wake alisema angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni kama mafunzo yote yangetolewa kwa mdomo. Mwaka huohuo reli ilianza kutandazwa kutoka Mombasa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, Mheshimiwa. Afisa wa tathmini bado yuko njiani.

Lakini lililonikosesha usingizi halihusu kusoma kwenyewe, na hapa naomba unisikilize. Mtoto anaweza kuchelewa kusoma na asipungukiwe na kitu. Mwanangu hawezi kungoja miaka miwili bila kuambiwa ana nini, kwa sababu muda wote huo anajieleza mwenyewe, na maelezo aliyoyapata ni kwamba yeye ni mjinga. Jumapili jioni tumbo huanza kumuuma. Tulimpeleka zahanati tukidhani ni minyoo, akapewa dawa, na Jumapili iliyofuata likauma vilevile. Hachezi tena mpira na wenzake kwa kuwa wamembandika jina ambalo binti yangu amekataa kuliandika hapa. Juzi nilimkuta kibandani akizipanga mbao za mabaki kwa ukubwa, kimya, na nilipomuuliza anafanya nini akaniambia anajifunza useremala mapema, maana shule si ya watu kama sisi. Alisema “sisi”. Ningefurahi kumrithisha msumeno, lakini sikutaka aupokee kwa njia hiyo.

Naijua njia hiyo inakoelekea kwa kuwa nimeipita. Kwa miaka mingi nilikunywa chang'aa kila kulipokuwa na karatasi ya kutia sahihi, mkopo wa chama, mkataba wa kazi, hata kadi ya kliniki ya mtoto. Nilikataa kuwa mweka hazina wa kikundi cha mafundi nikasingizia kazi nyingi. Nilimkaripia mke wangu aliponiuliza ujumbe wa simu unasema nini. Wanaume wa huku hatusemi mambo haya, tunasema tumechoka. Ni mshauri nasaha wa hospitali moja Kisumu aliyenisaidia, baada ya mwalimu yule kutufungua macho. Nilikwenda kwake mara sita, kwa matatu, nikifunga kibanda siku nzima, na kikao cha kwanza sikusema neno hadi dakika za mwisho. Alinifundisha nikiona karatasi na moyo ukianza kwenda mbio niiweke chini kwanza, nivute pumzi, kisha niseme waziwazi, “Mimi sisomi haraka, nisaidie.” Ndilo sentensi nililomwambia karani wako. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi ndani ya matatu.

(Binti yangu ananisahihisha: ni “ndiyo sentensi”. Mwache aandike nilivyosema.)

Sasa nikukumbushe machache, ambayo bila shaka unayajua kuliko mimi. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu na nyenzo zake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi, na vilevile inakataza kumtesa kiakili. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa nchini mwaka 1984, ndio mwaka niliozaliwa mimi. Tumekua pamoja, vituo hivyo na mimi, na hatujawahi kukutana.

Kwa nini afisa haji? Nimejaribu kukuwazia mema. Pengine gari halina mafuta, pengine aliyekuwapo alistaafu na hakuna aliyeajiriwa, au pengine mmoja anahudumia eneo ambalo lingetaka watano. Wakati mwingine nafikiri ni kwa sababu mwanangu haonekani mgonjwa. Angekuwa na gongo, ungemwona ukipita. Kama ni fedha, sema ni fedha, sisi wazazi tumezoea kuchanga. Kama ni kusahau, basi umekumbushwa.

Mwakani mwanangu atafanya mtihani wa kumaliza Gredi ya 6. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada, lakini huwezi kuuomba kwa maneno matupu, unahitaji ripoti ya tathmini, nayo iwepo usajili unapofanywa. Bila afisa hakuna ripoti, na bila ripoti mtoto ataingia kwenye chumba cha mtihani kama mvivu yeyote.

Nilitaka kuomba mengi: walimu wafunzwe, kila shule iwe na mshauri nasaha, karani wako aniombe radhi mbele ya mwanangu. Nimeyaacha, isipokuwa hilo la mwisho ambalo sijaliacha sana. Ninaloomba ni tarehe. Usinipe ahadi wala fomu ya nne. Nipe siku na mwezi ambapo afisa wa tathmini ataketi na mtoto wangu, hata iwe mbali, hata iwe saa kumi na mbili asubuhi, tutafika.

Tarehe yenyewe huna haja ya kuniandikia. Kibandani vipimo vyote huvikata kwa msumeno kwenye kijiti, tangu siku nilipoandika 69 badala ya 96 nikaharibu mbao za kabati la mtu. Nipigie simu, uitamke. Namba yangu iko kwenye zile fomu mbili zisizoonekana, na kwenye ya tatu pia, kama haikutupwa. Nitaikata kwenye kijiti nimpe mwanangu akae nacho.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Seremala, na mzazi wa mwanafunzi wa Gredi ya 5