Bangili za Mama zisiuzwe

Dallas, Texas

Mdogo wangu,

Assalaam alaikum. Natumai hamjambo nyote hapo nyumbani, Mama, Bibi na watoto. Mimi ni mzima, kazi ya kutunza wazee inaendelea, ila baridi imeanza. Barua hii msomee Mama mpaka mwisho, maana nusu yake ni yake.

Mama ameniambia kwa simu kwamba yuko tayari kuuza bangili zake upate laki nne, umlipe fundi wa kompyuta akutengenezee, kwa ajili ya filamu yako, chombo cha angani kitakachotua Mama Ngina, hapo ufukweni Mombasa. Usiku ule sikupata usingizi. Nikaitafuta filamu moja niliyosimuliwa kazini, Primer, nikaitazama mara tatu wiki hiyo hiyo. Ilipigwa huku huku Dallas. Mwenye filamu, Shane Carruth, alisomea hesabu, akafanya kazi ya uhandisi. Filamu hiyo aliiandika, akaiongoza, akaigiza, akaihariri, hata muziki akautunga. Yote iligharimu kama dola 7,000, yaani laki tisa hivi za kwetu kwa bei ya leo, na mwaka 2004 ikatwaa tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance. Laki tisa kwa filamu nzima! Wewe laki nne zitaishia kwenye chombo cha kuonekana dakika mbili.

Ndani ya filamu hiyo marafiki wawili wanaunda mashine ndani ya gereji ya nyumba. Wanakata kichujio cha moshi cha gari, wanachomoa mabomba ya shaba ya friji. Mashine yenyewe ni sanduku la kutosha mtu kulala, nalo humrudisha nyuma katika wakati. Lakini sikiliza sharti lake: unaliwasha asubuhi, unaondoka, jioni unaingia, na ukitaka kurudi nyuma saa sita, sharti ulale humo gizani saa sita kamili. Mchana kutwa wanajifungia hotelini wasije wakakutana na nafsi zao wenyewe huko nje. Wakisharudi asubuhi ile ile, wananunua hisa ambazo bei yake ya jioni wanaijua. Sharti hilo halikugharimu hata senti, nalo ndilo linalotisha. Watu wawili wamekaa kimya chumbani, pazia limefungwa, na mimi roho inanienda mbio. Gereji kama ile nazipita kila siku kwa basi, na siku hizi kila moja naigeukia.

Ila usiinakili. Wanazungumza kwa kukatizana, maneno ya kihandisi yanamiminika bila maelezo, na pengine sauti yenyewe hafifu. Ikifika katikati, nakala za watu wale wale zimekuwa nyingi hata sikujua tena nani ni nani. Wapo waliochora michoro ili waifuate, na wapo wanaosema ugumu huo ndio utamu wake. Mimi nakubali kwa nusu ya kwanza tu. Kule mwisho urafiki unavunjika, na ningetaka kuumia pamoja nao, lakini nilikuwa bado nahesabu masanduku. Wanawake nao wanapita tu, hata mke wa mmoja wao humjui ni mtu gani.

Primer ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, kila futi ni pesa, basi walifanya mazoezi mno kisha wakapiga karibu kila kipande mara moja. Wewe unapiga kwa kamera isiyokula mkanda, lakini wafanyishe vijana wako mazoezi vivyo hivyo.

Tena tunaye mwongozaji filamu Wanuri Kahiu wa kwetu Kenya. Filamu yake Pumzi ya mwaka 2009 haizidi nusu saa, na hofu yake yote ni maji: watu wanachuja hata jasho lao wapate ya kunywa. Wewe unayeamshwa na mikokoteni ya mitungi kila alfajiri, unakwenda kutafuta hofu sayari gani?

Sasa lile lililoniuma. Katika kipande ulichonitumia, yule msichana amesimama barazani Kibokoni, uso umejaa hofu, anafungua kinywa kusema, tuktuk ikapita ikalimeza neno. Nimerudisha mara tano, sikulipata. Uso ule ni mali, mdogo wangu, na umepotea kwa sababu ya sauti. Chombo usikionyeshe. Tuonyeshe feri ya Likoni imejaa watu, injini inyamaze ghafla katikati ya mkondo, wote wainue macho kwa pamoja. Watakachokiona huko juu niachie mimi nikiwaze.

Mama, bangili zako zirudishe sandukuni. Nimenunua kinasa sauti kidogo na maikrofoni ya kubana kwenye nguo, atavileta jirani yangu anayekuja Mombasa kabla ya Ramadhani. Mdogo wangu, msichana yule mrudishe pale pale barazani, alfajiri kabla tuktuk hazijaanza, anitamkie lile neno.

Wasalaam,
Dada yako